Diski ya Yadi ya Fabiano

Damari alipigwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, na baba yake, kwa ajili ya kibuyu cha maziwa kilichomponyoka mkononi. Tangu siku hiyo hakuna mwaka uliopita bila fimbo, mkanda au kofi. Baba yake alikuwa mfyatua matofali katika kijiji kimoja cha Iramba, mtu wa mikono mizito na maneno machache, na alipomaliza kumlea kwa mikono hiyo akamwoza kwa mwanaume wa aina yake. Mume naye akaanzia pale baba alipoishia.

Katika miaka hiyo yote Damari alijifunza jambo moja ambalo hakuna shule inayolifundisha. Kipigo kikianza, usilie na usijibu. Tazama mlango uko wapi, tazama mkononi ana nini, kisha subiri achoke. Usiku mume alipomvunja jino la mbele, alisubiri hadi kulipokucha, akambeba binti yake Eliana aliyekuwa na miaka mitatu, akapanda lori la dengu kwenda Singida mjini. Hakuaga mtu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na aliapa moyoni kuwa hicho ndicho kipigo chake cha mwisho.

Mjini alipata kazi ya kufagia kwenye duka la steshenari. Mwenye duka alikuwa na kompyuta nne kuukuu zilizokufa kwa zamu, na kila fundi alipokuja, Damari alifagia taratibu sana karibu na mgongo wake. Baada ya mwaka akaanza kuzifungua mwenyewe. Mwenye duka alipoona zinawaka, akampeleka kwenye mafunzo ya ufundi, jioni baada ya kazi. Miaka minne baadaye Damari alirudi upande wa kwao, akapanga chumba kimoja Shelui, kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega, akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: FUNDI KOMPYUTA NA SIMU. Mwanzoni wanaume walikuja kuangalia tu, kama wanaangalia mbuzi anayepanda ngazi. Baadaye walileta mashine zao.

Miongoni mwa wateja wake wa mwanzo alikuwa Fabiano, mwenye yadi ya kuegesha malori. Malori yaliyoteremka mlima wa Sekenke yakielekea Rwanda na Kongo yalilala kwake, madereva walikula kwake, na matanki ya mafuta yalilindwa na watu wake. Fabiano alikuwa mtu wa kusalimia vizuri. Aliulizia watoto kwa majina. Lakini walinzi wake walitembea wameinamisha vichwa, na mmoja alishawahi kuonekana kituo cha afya na sikio lililochanika, akisema aliumwa na mbwa. Damari ndiye aliyemfungia kamera ya yadi na kompyuta ya kurekodia. Ilikuwa mashine ya mezani, kuukuu, yenye diski kubwa na mfumo wa Linux, aliyoiweka kwenye ofisi ndogo ya yadi na kumwambia asiiguse. Kwa miaka mitatu haikuguswa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa kumi alasiri, kijana aitwaye Isaka aliuawa katika yadi hiyo. Alikuwa utingo wa lori, mwenyeji wa Kintinku, umri miaka ishirini na tatu. Fabiano aliwaambia polisi kwamba kijana alikamatwa akinyonya dizeli kwenye tanki, wananchi wenye hasira wakaruka ukuta, wakampiga na kukimbia. Polisi walikuja Jumapili. Waliuchukua mwili, wakaiona kamera, wakafungua kompyuta na kuandika namba ya diski kwenye daftari. Gari lao lilikuwa dogo na lilikuwa na maiti. Walisema wataifuata mashine Jumatatu mchana pamoja na mtaalamu wao, na mtu yeyote asiiguse.

Jumatatu saa nne asubuhi gari la Fabiano liliegeshwa kinyumenyume mbele ya mlango wa Damari. Fabiano alishuka, na nyuma yake Festo, mlinzi wake mkubwa, akiwa ameikumbatia ile kompyuta kifuani.

"Shikamoo mzee," alisema Damari.

"Marahaba binti. Hujambo? Eliana anaendeleaje na shule?"

"Anaendelea vizuri."

"Bado yuko bweni kule kule?"

Festo aliiweka mashine mezani, akarudi mlangoni, akaufunga na kuweka komeo. Akachomoa kiunoni kipande cha nondo, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Damari alitazama mlango, akatazama nondo, akaelewa kuwa kiapo chake kilikuwa kimefikia mwisho.

"Iwashe," alisema Fabiano. "Nataka kwanza nione ilichoona."

Aliiwasha. Wakatazama wote watatu. Kamera ile haikuwa na sauti, kwa hiyo yote yalipita kimya, kwenye kioo cha inchi kumi na saba. Isaka alikuwa amelala chini ya lori akikaza nati. Hakuwa karibu na tanki. Fabiano aliingia kwenye picha akiwa na spana ya magurudumu, akainama, akasema neno. Isaka alitoka chini ya lori akiwa bado anapangusa mikono kwa tambara, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekaribia kujibu swali. Spana ilimpata chini ya sikio. Alipoanguka, Festo alimshika miguu. Fabiano alipiga mbavu, akampiga magotini, akapiga mgongo, akisimama katikati kupumua kama mtu anayepasua kuni. Madereva wawili walisimama mbali wakitazama. Mmoja aliokota ukanda wa mpira wa tairi akaja naye akachapa. Isaka alitambaa kuelekea bomba la maji. Akafika. Alishika bomba kwa mikono miwili, na spana ikapiga mikono. Ilichukua dakika kumi na moja. Mwishoni Fabiano alifungua bomba lile lile akanawa.

Fabiano alijifuta jasho la shingo.

"Futa," alisema.

"Mzee, polisi wameshaandika..."

"Wameandika namba ya diski. Diski watapewa. Itakuwa imekufa. Nitasema ilizimika asubuhi nikakuletea wewe, na wewe ukaiharibu. Ufundi una bahati mbaya, kila mtu anajua."

"Siwezi, mzee."

Fabiano alimtazama Festo, na Festo akaja. Alimkamata mkono wa kushoto, akaubandika mezani kati ya bisibisi na waya, akapiga nondo mara moja juu ya vidole. Damari alisikia mlio kabla ya maumivu. Kidole cha pete na kidogo viligeukia upande ambao vidole havigeukii. Festo aliinua tena.

"Basi," alisema Damari. "Basi. Nafuta."

Fabiano alitoa simu akapiga. Sauti ya mwanaume, mtu wake wa Singida aliyejua kompyuta kidogo, ilisikika kwenye spika. "Mwambie asifute mafaili, mafaili yanarudishwa. Afute patisheni zote, halafu aandike sifuri mwanzo wa diski, butiloda ife. Haitawaka tena."

"Kwa nini asiandike sifuri diski nzima?"

"Itachukua saa nne, tano. Unao huo muda?"

Fabiano alitazama saa. Hakuwa nao.

Hapo ndipo ilipompasa Damari afikirie vizuri, na vidole vilikuwa vinapiga kama ngoma. Alijua mambo haya kama mama lishe anavyojua jiko lake. Diski ni kama shamba refu. Patisheni ni vipande vya shamba hilo, na mipaka yake yote imeandikwa kwenye jedwali dogo, mwanzoni kabisa mwa diski. Hapo hapo mwanzoni inakaa butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza mashine inapowashwa. Kazi yake ni kuitafuta kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kuipakia, na kuiambia mfumo uko kipande gani. Kisha butiloda inakaa pembeni, kerneli inashika kila kitu. Ukifuta jedwali umeng'oa mawe ya mpaka. Mazao yako pale pale, ila hakuna anayejua shamba la nani linaanzia wapi.

Alifungua programu ya kugawa diski, akaandika kwa mkono wa kulia. Futa ya kwanza. Futa ya pili. Hifadhi. Ndipo alipogundua, akiwa ameshabonyeza, kwamba hakutazama patisheni ya pili ilianzia wapi. Ya kwanza, yenye mfumo, ilianzia mahali pa kawaida, kila fundi anapajua. Lakini ya picha aliipima mwenyewe miaka mitatu iliyopita na namba ilishamtoka kichwani. Angeweza kuitafuta baadaye, kwa siku nzima ya kuchambua diski. Siku nzima hakuwa nayo, wala hakujua kama kesho angekuwa hai.

Mistari miwili ya Kiingereza ilitokea kwenye skrini.

"Imeandika nini?" aliuliza Fabiano, akiinama karibu hadi pumzi yake ikamgusa shavu.

"Imesema jedwali limebadilishwa. Itaonekana ukiwasha upya."

Hakudanganya. Ila mstari wa pili ulisema na jambo jingine: kwamba diski ilikuwa inatumika, kwa hiyo kerneli ilikuwa bado inatumia jedwali la zamani. Maana kerneli hailisomi jedwali kila saa. Hulisoma inapoamka, ikaiweka mipaka kichwani, na haiiachi wakati patisheni ziko kazini. Kwenye diski mipaka ilikuwa imekwisha kufutwa. Kichwani mwa kerneli ilikuwepo, na ingebaki hapo hadi umeme ukatwe.

Aliandika sifuri mwanzo wa diski, megabaiti moja, kama alivyoambiwa. Butiloda ikafa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa mume wake akimwomba ruhusa ya kwenda kisimani, "Ngoja nihakikishe kama imefutika."

Aliandika amri fupi ya kuiuliza kerneli patisheni ya pili inaanzia wapi. Namba moja ikatoka, peke yake kwenye mstari. Tarakimu tisa, kama namba ya simu bila ile sifuri ya mbele. Mia saba thelathini na nne, sifuri hamsini na nne, mia nne.

"Hiyo namba ni ya nini?"

"Ukubwa wa diski, mzee. Iko tupu."

Fabiano alikibonyeza mwenyewe kitufe cha kuzima, akakishikilia hadi feni ikanyamaza. Akawasha. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe ukisema hakuna mfumo endeshi. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha, bila hasira yoyote, akampiga Damari ngumi ya tumbo, akamshika nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza.

"Hiyo ni ya kukumbukia," alisema. "Polisi watafika saa saba. Festo atakaa na wewe. Ukisema kingine, nitakwenda kumwona Eliana shuleni."

Fabiano alifungua komeo akatoka, mashine akaiacha mezani, na gari likaondoka. Damari alikaa chini ukutani, damu ikimtoka puani na kushuka kwenye gauni, akirudia kimoyomoyo: saba tatu nne, sifuri tano nne, nne sifuri sifuri. Alivifunga vidole kwa utepe mweusi wa umeme, viwili pamoja. Alipovivuta vinyooke alizimia kidogo. Alipozinduka Festo alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, mgongo kwake, nondo magotini.

"Naomba maji," alisema Festo bila kugeuka.

Alimpa. Mtu yule alikunywa kikombe kizima.

"Mimi nilishika miguu tu," alisema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Nisingeshika, ningelala mimi pale."

Damari aliigeuza skrini kidogo ielekee ukuta, akachomeka flashi yake ya kazi, ile yenye mfumo kamili unaowaka bila kuhitaji diski, akawasha. Kerneli ya kwenye flashi iliamka, ikaitazama diski ya yadi, ikaona shamba tupu. Ilikuwa saa tano na nusu.

Alianza na patisheni ya kwanza, mahali pake pa kawaida. Ikakubali, mafaili ya mfumo yakaonekana. Ya pili akaandika saba tatu nne, sifuri nne tano, nne sifuri sifuri. Ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa. Kichwa kilimuuma pale kilipogongwa, na tarakimu zilianza kuhama. Sifuri nne tano au sifuri tano nne? Alichukua simu, akafungua kikokotoo. Mpaka wa patisheni hauangukii popote tu. Programu huupanga kwenye vigawe vya elfu mbili na arobaini na nane. Akagawanya namba ya kwanza, ikatoka na desimali ndefu. Akagawanya ya pili. Ikatoka kamili, bila baki. Akaiandika, na folda za picha zikajipanga kwenye skrini tarehe kwa tarehe, mpaka Jumamosi.

Alipakia butiloda upya. Kompyuta ikaandika kwamba imemaliza bila hitilafu, na ndipo alipohisi kivuli.

Festo alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amesoma sana lakini alizitambua folda, maana alikuwa ameziona asubuhi.

"Unafanya nini?"

Damari alisimama. Kwenye kona ya meza chuma chake cha kulehemu kilikuwa kimechomekwa tangu asubuhi kabla hawajaja, na hakuna aliyekumbuka kukichomoa. Festo aliinua nondo ili aipasue mashine, naye akaingia katikati. Nondo ilimshukia begani. Mkono wote wa kushoto ulikufa ganzi. Festo alimkaba koo kwa mkono mmoja, akamsukuma juu ya meza, na Damari alimwona usoni kwa karibu kabisa: mtu mwenye hofu kuliko yeye. Mkono wake wa kulia ulipapasa, ukaupata mpini. Alimchoma shingoni, chini ya taya. Hakukiondoa. Ngozi ililia kama nyama kwenye kikaango, harufu ikajaa chumba, na Festo akatoa mlio wa mnyama, akarudi nyuma, akaanguka juu ya benchi. Damari alimfuata. Alimchoma tena mkononi, kwenye kiganja kilichoshika nondo, akapiga teke nondo, kisha akaiokota yeye.

Alimpiga mara tatu. Hakuna aliyemwagiza, na mara ya tatu haikuwa ya lazima. Miaka mingi baadaye hakuwahi kusema ilikuwa ya lazima.

Stumai, mama lishe wa chumba cha pili, ndiye aliyesikia. Alisukuma mlango na mwiko mkononi, akamwona jirani yake na uso wa damu, akamwona Festo chini.

"Mama Eliana, huyu amekufanya nini?"

Hazikupita dakika tano watu wakajaa. Walikuwa wauza vitunguu, madereva, waendesha bodaboda. Shelui nzima ilijua habari ya Isaka na ilikuwa imenyamaza siku mbili kwa woga; sasa mtu wa Fabiano alikuwa chini, mikononi mwao, na woga ukageuka. Walimburuta hadi nje. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Mwanaume mmoja alimkanyaga kifua. Mwingine alikwenda kuleta tairi, na mwingine akauliza nani ana petroli, kwa sauti ya kawaida tu, kama anaomba chenji.

Damari alisimama mlangoni. Kwa muda ambao yeye mwenyewe hakupenda kuupima, alitazama. Na alitamani. Halafu Festo alitambaa, akanyoosha mikono miwili kushika nguzo ya kibanda cha Stumai, na mtu akainua ubao kuipiga mikono ile.

Damari alikuwa ameshaiona picha hiyo. Alishuka, akajipenyeza, ubao ukampata mgongoni badala ya mikono ya Festo. Akamwangukia juu.

"Toka, dada," mtu alisema. "Toka, tutakuumiza."

"Mmeshaniumiza," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi walio mbele wanyamaze ili wasikie. "Isaka aliuawa na Fabiano kwa mkono wake. Ninayo picha ndani. Huyu alishika miguu. Mkimchoma, Fabiano atasema huyu ndiye aliyeua, na marehemu habishi."

Jiwe jingine lilirushwa kutoka nyuma, likamchana kisogoni. Stumai aliinua mwiko wake akasimama juu yao wote wawili, mwanamke mnene mwenye aproni ya mafuta, akaanza kuwataja watu mmoja mmoja kwa jina na kwa kile walichokula kwake wiki ile. Ni vigumu kuua mtu ukiwa umetajwa jina. Wakapunguza kusukuma. Wanawake wawili wakasaidia kumburuta Festo ndani, na Damari akaweka komeo. Mlango ulipigwa mateke kwa robo saa hivi. Ndani, Festo alilia kimya, meno mawili mkononi.

Polisi walifika saa saba kasoro. Fabiano alikuja nyuma yao na gari lake, akiwa amevaa shati jeupe, na alipouona umati alianza kusema kabla hajashuka.

"Huyu mama ameiharibu mashine yangu. Nilimletea asubuhi ikiwa imezimika."

Mtaalamu wa polisi, kijana mwembamba mwenye miwani, alimtazama Damari, vidole vilivyofungwa utepe, jicho lililovimba.

"Ni kweli imeharibika?"

"Iliharibiwa. Nimeitengeneza. Iwashe."

Alichomoa flashi. Kijana akawasha. Butiloda iliamka, ikaonesha orodha yake, ikaipakia kerneli, na mistari myeupe ikaanza kushuka. Fabiano alinyamaza katikati ya neno. Kisha mistari ikasimama. Wa mwisho ulisema kerneli haikuiona patisheni ya mfumo, na kwamba haiwezi kuendelea. Fabiano akacheka.

"Si niliwaambia."

Damari alifumba jicho moja linalofumbika. Alijua ni nini. Miaka mitatu iliyopita, alipoiandaa mashine, aliiandikia butiloda iiambie kerneli kuwa mfumo uko kwenye patisheni ya kitambulisho fulani. Kitambulisho hicho kilitokana na namba ya diski iliyoandikwa mwanzoni kabisa, kwenye ile megabaiti aliyoijaza sifuri. Jedwali jipya lilikuwa na namba mpya. Kwa hiyo butiloda ilikuwa inaipa kerneli anwani ya nyumba ambayo haipo tena, na kerneli ikagoma, kama inavyopaswa.

"Zima. Washa tena. Kwenye orodha, bonyeza herufi e," alimwambia yule kijana.

Alibonyeza. Mstari wa maagizo ukafunguka. Damari alimwelekeza kwa mdomo: futa kitambulisho hiki, andika patisheni ya kwanza ya diski ya kwanza. Kijana aliandika. Kerneli iliamka, ikaupata mfumo, ikaendelea. Dakika moja baadaye yadi ya Fabiano ilikuwa kwenye skrini, na Isaka chini ya lori akikaza nati.

Fabiano hakukimbia. Aligeuka, akampiga Damari kofi mbele ya askari watatu, kofi zito la mkono wazi lililomwangusha. Walimlaza kifudifudi sakafuni na kumfunga pingu hapo hapo, goti mgongoni.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Mahakamani Singida wakili wa utetezi alimuuliza Damari mtu anawezaje kuamini picha zilizotoka kwenye diski iliyofutwa. Alisimama saa mbili kizimbani akieleza mipaka, jedwali, na jinsi kerneli inavyokumbuka kile ambacho diski imekisahau. Alieleza pia kwamba alimpiga Festo mara tatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Festo alitoa ushahidi dhidi ya bosi wake, shingo yake ikiwa na kovu la duara, akapewa miaka minne. Fabiano alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, miaka kumi na minane. Wapo waliosema ni michache. Damari alisema hana maoni. Usingizini bado alikuwa anakabwa.

Mwezi mmoja baada ya hukumu, mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani alisimama mlangoni pake. Alijitambulisha kuwa Eliza, dada wa Isaka, ametoka Kintinku na basi la asubuhi. Damari alimpa kiti na chai. Eliza hakuigusa.

"Mahakamani walitutoa nje walipoonesha," alisema. "Mama amekataza nisiulize. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Alilia?"

"Kamera haikuwa na sauti, dada."

"Ilichukua muda gani?"

Damari alitazama barabarani, lori linapita, vumbi linaingia. "Haikuchukua muda."

Eliza alingoja. Alikuwa na macho ya mtu ambaye ameshadanganywa kwa huruma na watu wengi.

"Nimeuliza ilichukua muda gani."

"Dakika kumi na moja."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kumweleza Damari habari za Isaka: kwamba aliogopa chura, kwamba alipopata mshahara wa kwanza alimnunulia mama yao godoro, na godoro likaja juu ya lori likiwa limelowa, likakaa juani wiki nzima. Damari alisikiliza. Mteja alikuja na simu iliyopasuka kioo, Damari akamwambia arudi kesho. Chai ilipoa. Walikaa hivyo hadi basi la Manyoni, la kumrudisha kwao, lilipopiga honi, na Eliza akasema hili liende tu, atapanda linalofuata.